Kombe Milioni Nne Chini ya Mtaa

Mgeni akifika London, wenyeji wake humkokota hadi Buckingham Palace, wakapiga picha getini, wakarudi nyumbani miguu inawaka moto. Mimi nimeacha. Jumba lile mgeni keshaliona kwenye televisheni tangu utotoni. Shangazi yangu alipokuja kutoka Pemba, nilimpandisha treni St Pancras, tukaenda Margate, mji wa pwani ulioko Kent.

Huko, katika mtaa wa kawaida wa nyumba za watu, kuna pango liitwalo Shell Grotto. Unakata tiketi kwenye kiduka cha zawadi, unateremka chini, na mara uko kwenye ujia mwembamba uliochimbwa ndani ya mwamba wa chokaa. Kuta zote zimevishwa kombe, kome na chaza, kiasi cha milioni 4.6, zilizobandikwa moja moja kwa nakshi za maua, nyota na jua. Rangi zimefifia, kwa sababu enzi za Malkia Victoria pango liliwashwa taa za gesi, na moshi wake ukaganda juu ya kuta. Ukisogeza uso karibu ndipo unaona kazi yenyewe: hapa kombe ndogo kama kucha, pale chaza aliyegeuzwa tumbo nje ili ukingo wa ua ukae sawa.

Pango liligunduliwa mwaka 1835, na hadi leo hakuna ajuaye nani alilijenga wala kwa nini. Wako wanaosema ni hekalu la kale, na wako wanaosema ni anasa ya tajiri fulani. Shangazi alizunguka kimya, mkono nyuma, kisha akaniuliza, “Mwanangu, na nyama yake yote hii ililiwa na nani?” Sijawahi kusikia swali bora kuhusu pango lile.

Waingereza wana vijisehemu vya namna hii nchi nzima, na nadhani siri yake ni kwamba nyuma ya kila kimoja yupo mtu aliyeshika jambo dogo kwa dhati, bila kujali watu watasema nini. Chukua Bekonscot, kijiji cha nyumba za kufikia magotini huko Beaconsfield, kilichofunguliwa mwaka 1929. Mhasibu aitwaye Roland Callingham alikijenga kwenye bustani yake, na vitreni vinapita hadi leo. Miaka ilivyokwenda wasimamizi wake walikuwa wakiongeza majengo ya kisasa. Mwaka 1992 wakaamua kuyaondoa na kukirudisha kijiji miaka ya 1930. Watoto huchangamkia treni. Wazee ndio hawabanduki.

Mjini Keswick, ambako mvua haina msimu, kuna makumbusho ya penseli. Usicheke. Katika Vita Kuu ya Pili kiwanda cha hapo kilitengeneza kwa siri penseli zilizofichwa ramani na dira ndogo, wapewe marubani wapate kutoroka wakiangukia mikononi mwa adui. Na Conwy, huko Wales, kuna kinyumba chekundu chenye upana wa mita 1.8 tu. Mvuvi Robert Jones, pande la mtu la futi 6 na inchi 3, aliishi humo hadi mwaka 1900. Alilalaje? Nenda ukakione kitanda.

Faida nyingine ya vijisehemu hivi ni kwamba unavimaliza. Kwenye makumbusho makubwa unatoka na maumivu ya mgongo na deni la vyumba ambavyo hukuvifikia. Hapa saa moja inatosha, na mlinzi wa mlangoni ana nafasi ya kupiga soga nawe. Ukijaaliwa kwenda, ulizia kwanza siku za kufungua, maana sehemu nyingi za aina hii hufungwa au hupunguza siku majira ya baridi. Na chukua koti, hata kama ni Julai.