Majani, sindano na mafigo yetu

Ndugu akichomwa sindano za gentamisini, mara nyingi jirani humletea chupa ya majani yaliyochemshwa na kumwambia: «Kunywa, itasafisha mafigo.» Je, tumwamini?

Mafigo huchuja karibu lita 180 za maji kutoka katika damu kila siku, na karibu yote hurudishwa mwilini. Seli zinazorudisha maji hayo huvuta pia gentamisini na kuiweka ndani yake. Ikizidi humo, inaziharibu. Sisiplatini, dawa ya kansa, inaweza pia kuziumiza. Hiyo si sababu ya kukataa dawa hizo, maana zimeokoa wengi. Ndiyo sababu daktari anahesabu kipimo na siku.

Wataalamu wamejaribu mimea mingi, kama manjano na moringa, kwa panya na kwa seli za maabara. Mara nyingi panya waliopewa dawa pamoja na maji ya mmea yaliyokamuliwa na kupimwa waliumia mafigo kidogo kuliko wengine. Tumshukuru Muumba kwa hilo. Lakini panya si mtu, na kipimo cha maabara si sufuria ya jikoni.

Tena kuna mimea inayoua mafigo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Bruxelles, wanawake walikunywa vidonge vya mimea ili wapunguze unene. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine, aristolokia, kwa sababu majina yao ya Kichina yanafanana. Watu zaidi ya 100 waliharibika mafigo, na wengine wakapata kansa baadaye.

Tukumbuke 2 Wafalme 4:38-41. Mwanafunzi wa manabii alichuma matango ya porini asiyoyajua, akayatia chunguni. Nia yake ilikuwa njema: alitaka kulisha ndugu zake wakati wa njaa. Hata hivyo mauti iliingia chunguni. Wema wa moyo hauondoi sumu.

Basi, tufanye hivi. Tusiache sindano kwa ajili ya majani. Tusichanganye majani na dawa bila kumwambia muuguzi. Naye asimcheke mgonjwa, ili mgonjwa asifiche. Mkojo ukipungua, au uso na miguu ikivimba, twende hospitali siku hiyohiyo.

Kumwombea mgonjwa na kumwambia ukweli ni upendo uleule. Bwana awalinde.