Mwacheni Bibi Ajiogeshe

Kuoga kwa ndoo na kopo ni kazi nzito kuliko tunavyoidhania. Mtu anasimama juu ya saruji iliyolowa, anainama kuchota, anainuka na kopo limejaa, anajimwagia. Akipaka sabuni usoni, anafumba macho. Kisha anainua mguu mmoja ausugue, na kwa muda huo mwili wote umebebwa na mguu uliobaki. Kijana hufanya yote haya huku akiimba. Bibi wa miaka 78 mwenye magoti yanayouma huyafanya kwa tahadhari, na siku tahadhari isipotosha ndipo jirani husikia kishindo.

Sidney Katz, daktari wa Cleveland nchini Marekani, alikuwa na wenzake wakiwafuatilia wazee waliovunjika nyonga. Hawakuishia kwenye mfupa. Waliandika pia kile ambacho kila mgonjwa aliweza kujifanyia mwenyewe. Mwaka 1963 walichapisha kipimo cha mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani au kitini, kumudu haja, na kula. Waligundua kwamba mambo haya hayapotei ovyo ovyo. Kuoga hutangulia kupotea, kula huja mwisho, na anayepata nafuu huyarejesha kwa kuanzia upande wa pili. Katz aliona kuwa mtoto naye hukua kwa mpangilio huo: hujilisha miaka mingi kabla ya kuachiwa aoge peke yake. Kwa hiyo daktari akikuuliza, "Mama bado anaoga mwenyewe?" usidhani anauliza habari za usafi.

Ubongo hujua mwili umesimamaje kwa kupokea habari kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na hisi zilizomo kwenye nyayo na viungo. Bibi anapooga, sabuni imeshayaziba macho. Kama bibi ana kisukari cha miaka mingi, huenda nyayo zimeingia ganzi. Limebaki sikio, nalo huchakaa kwa umri. Ongeza misuli: zile nyuzi zinazofanya kazi kwa kasi ndizo hudhoofika zaidi uzeeni, na ndizo zinazomwezesha mtu kujidaka anapojikwaa. Mzee akijikwaa kwenye kizingiti hutupa mguu mbele kama mtu yeyote, ila mguu unafika umechelewa. Halafu kuna presha. Kwa wazee wengi, hasa wanaotumia dawa za presha, presha hushuka ghafla wanapoinuka; ikishuka kwa pointi 20 au zaidi katika ile namba ya juu, kizunguzungu si jambo la ajabu. Ndiyo maana safari ya chooni saa tisa usiku, mtu katoka kulala na taa hakuna, ina hatari kuliko safari ya sokoni mchana.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu. Waliopita miaka 60 ndio wengi kati yao. Nasi msibani tutasema, "Aliteleza tu." Kuteleza huwa ni jambo la mwisho kati ya mengi. Mwaka 1988 daktari Mary Tinetti na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia wazee 336 wa miaka 75 na zaidi huko New Haven, Marekani. Karibu mmoja kati ya watatu alianguka ndani ya mwaka mmoja. Watafiti walihesabu kasoro za kila mmoja: dawa za kutuliza au za usingizi, miguu dhaifu, kuyumba, matatizo ya nyayo, akili kupungua. Asiye na kasoro hata moja, uwezekano wake wa kuanguka ulikuwa asilimia 8. Mwenye nne au zaidi, asilimia 78.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na mapenzi yetu kwa wazee. "Mama, tulia, sisi tupo." Ni kauli ya heshima, na mtoto asiyeisema huonekana hana adabu. Basi ufagio unachukuliwa, kesho jembe, keshokutwa sufuria, mwishowe bibi anabaki na kiti barazani na wageni wa kumwamkia. Lakini kila kilichochukuliwa kilikuwa kikimwinamisha na kumwinua mara nyingi kwa siku. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2007, watu wenye afya njema, wa wastani wa miaka 67, walikubali kulala kitandani kwa siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguuni. Hawakuwa wagonjwa wala hawakulala njaa, walipumzishwa.

Simaanishi bibi apande mlima na ndoo ya lita 20 kichwani. Kubeba maji na kuoga ni kazi mbili. Mjukuu abebe ndoo, aiweke juu ya stuli imara ili bibi asiiname hadi chini, atandike mkeka wa mpira usioteleza, ahakikishe kuna cha kushika ukutani, kisha atoke nje akae karibu. Bibi aoge. Chooni ni vivyo hivyo: kuchuchumaa juu ya tundu na kuinuka tena hutaka mapaja yenye nguvu hasa, na nguzo iliyochimbiwa vizuri pembeni inaweza kumwongezea mzee miaka ya kwenda huko peke yake. Kandambili zilizolegea zitupwe. Sioni kwa nini tunamnunulia mzee kitenge cha sikukuu kila mwaka, na viatu vyenye mkanda wa nyuma tunavisahau.

Dalili ziko wazi kwa anayetazama. Muumini aliyezoea kuinuka kutoka kwenye sijda bila kushika kitu, siku hizi anaegemea ukuta au ameomba kiti. Sharia inamruhusu na hakuna wa kumlaumu, lakini nyumbani itafaa wajiulize magoti na mapaja yamepatwa na nini. Hospitalini kuna kipimo kisichohitaji mashine: mzee aliyekaa kitini anasimama, anatembea mita 3, anageuka, anarudi na kukaa. Akitumia sekunde 12 au zaidi, wataalamu wa Marekani humhesabu kuwa yumo hatarini. Kingine ninachokipenda zaidi kilitoka Umeå, Sweden, mwaka 1997. Watafiti walitembea na wazee 58 wa makazi ya kulelea huku wakiwazungumzisha. Wazee 12 walilazimika kusimama ili wajibu. Katika miezi 6 iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Kwao kutembea kulikuwa kumekula akili yote, maneno yakakosa nafasi.

Habari njema ni kwamba misuli hujibu hata katika umri mkubwa. Uchambuzi wa mtandao wa watafiti wa Cochrane wa mwaka 2019, uliokusanya majaribio zaidi ya 100, ulionyesha kuwa mazoezi hupunguza idadi ya kuanguka kwa takriban asilimia 23. Mazoezi yenye ushahidi mzuri ni yale ya kusimama imara na yanayofanana na kazi za kila siku: kuinuka kitini bila kutumia mikono, kupanda kidaraja, kusimama kwa mguu mmoja ukiwa umeshika meza. Kinu, ufagio na bustani ya mchicha si mbadala kamili wa mazoezi hayo, ila afadhali hivyo kuliko kiti cha barazani kutwa nzima.

Akili nayo ina shughuli zake. Mwaka 1969 watafiti wawili, Lawton na Brody, waliongeza kipimo cha kazi za juu kidogo kama kutumia simu, kununua mahitaji, kupika, kutunza dawa na fedha. Wanaume hawakupimwa kupika wala kufua, jambo ambalo bibi zetu wangelicheka. Baadaye, wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza walitunga maswali yanayolingana na maisha ya kijijini ili yasaidie kutambua ugonjwa wa kusahau. Mzee anayeanza kukosea kazi alizozimudu miaka yote hastahili kuambiwa tu kuwa ni uzee.

Tatizo ni kwamba wazee huficha. Babu akianguka shambani hujikung'uta na kunyamaza, maana anajua hukumu: hatatoka tena nje ya uzio. Ukitaka akueleze, usimuulize mbele ya watu, na usitangulize katazo. Muulize alikuwa akifanya nini, saa ngapi, alihisi nini kabla, na aliinukaje. Kisha fungasha dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na zile za duka la dawa na za mizizi, mwende nazo kliniki. Aliye na mtoto wa jicho aulizie upasuaji mapema. Dawa ya usingizi aliyoandikiwa miaka mitatu iliyopita, na ambayo hakuna aliyewahi kumwambia aiache, iulizieni ya kwanza. Asiikatishe ghafla bila daktari, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hupunguzwa kidogo kidogo.