Ukubwa wa Zimwi Siyo Ugumu wa Pambano

Usiku wa kwanza nilipoendesha mchezo wa Dungeons & Dragons pale hosteli, nilimuua mhusika wa rafiki yangu ndani ya dakika kumi. Wachezaji walikuwa wanne, mimi mwendeshaji, na dadu tulirusha kwa programu ya simu. Nilitaka pambano la kukumbukwa, nikachagua Ogre, jitu kubwa lenye rungu. Nikajisemea: wao wanne, lenyewe moja, watalimudu.

Dadu mbili za rungu zikatoa 7 na 6. Ongeza 4, unapata 17. Mchawi wa rafiki yangu alikuwa na pointi 8 za uhai. Kanuni inasema pigo likikumaliza, halafu ziada yake ikafikia uhai wako wote, umekufa palepale. Ziada ilikuwa 9. Jamaa alikaa saa mbili akichezea simu, na wiki iliyofuata hakuja.

Kwa ambao hamjaucheza: mchezo huu ni wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka Marekani mwaka 1974. Mnakaa mezani, kila mmoja ana mhusika wake, mwendeshaji anasimulia na kuwachezesha maadui, dadu zinaamua nani kampata nani. Namba ninazotumia hapa ni za toleo la tano, la mwaka 2014.

Sasa, ukubwa unafanya nini hasa? Kuna ngazi sita za ukubwa. Zinaamua nafasi: binadamu anachukua mraba wa futi 5 kila upande, Ogre futi 10. Zinaamua pia dadu ya kupimia uhai: binadamu ya pande 8, Ogre ya pande 10. Hatari yenyewe inasomwa kwenye namba nyingine, kiwango cha changamoto. Dinosaria Tyrannosaurus, mkubwa kuliko Ogre, ana kiwango cha 8. Lich, mchawi aliyekufa lakini bado anatembea, ana umbo la mtu wa kawaida tu. Kiwango chake ni 21!

Kiwango cha 2, ambacho ndicho cha Ogre, kimekusudiwa wahusika wanne wa ngazi ya 2. Wangu walikuwa ngazi ya 1. Lakini hata hiyo namba haikuambii kila kitu. Chukua Ogre mmoja: kitabu kinampa thamani ya 450. Chukua goblini wanne, vijitu vidogo vyenye uhai wa 7 kila kimoja: thamani yao ni 50 mara nne, yaani 200, halafu kitabu kinazidisha mara 2 kwa sababu wako wengi. Inakuwa 400. Kwa wahusika wanne wa ngazi ya 1, mapambano yote mawili yanaingia kundi la kuua.

Kwa nini wingi unazidishwa? Kwa sababu ya zamu. Siafu mmoja unamfuta kwa kidole, wakija jeshi zima unahama chumba. Goblini wanne wanapiga mara nne kila raundi.

Ila mezani mapambano hayo mawili hayafanani. Goblini mmoja akifa, zamu moja ya kupiga imepungua. Pigo lake la kawaida ni pointi 5, kwa hiyo mchawi wa pointi 8 anaumia, anapata nafasi ya kukimbia na kufikiri. Ogre ana uhai wa 59, na hata ukimshusha hadi 1 bado anapiga kwa nguvu zilezile. Pigo lake la wastani ni 13. Mchawi hana cha kufikiri hapo.

Miezi baadaye, wahusika wakiwa ngazi ya 5, nilimrudisha Ogre yuleyule. Akafa kabla zamu yake haijafika! Ukubwa haukubadilika hata kidogo. Zamu nne dhidi ya moja zilimmaliza.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kuweka adui yeyote mezani, najiuliza maswali matatu. Pigo lake la wastani ni ngapi, na mhusika dhaifu kuliko wote ana uhai kiasi gani? Kila upande una zamu ngapi? Je, kuna mlango wa kukimbilia? Nikitaka jitu kubwa kwa wachezaji wageni, napunguza pigo lake. Nikilitaka kwa wazoefu, nalipa wasaidizi wadogo ili lisizungukwe peke yake.

Nasomea ualimu, na mazoezi ya kufundisha yalinikumbusha usiku ule. Nilitunga jaribio gumu, darasa karibu lote likafeli, na nikashindwa kujua nani ameelewa nini. Mwanafunzi aliyepigwa swali la kwanza hafiki la pili, kama rafiki yangu na simu yake.

Nilimfuata chumbani kwake nikamwambia kosa lilikuwa langu, siyo dadu. Alirudi na mchawi mpya. Tulianza na goblini watatu kwenye daraja bovu, akabaki na pointi 2, na yeye ndiye aliyemmaliza wa mwisho. Alipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.