Insulini: Askari wa Ghala la Mafuta Mwilini



Mtoto akianza kukonda ghafla kijijini, watu huanza kunong'ona. Huyu anasema ni jicho baya, yule anasema ni ukimwi, na mwingine anatafuta jirani wa kulaumu. Kumbe pengine ni ugonjwa wa sukari, na dawa iko. Tuone jinsi mwili unavyotunza mafuta, ndipo tutaelewa kwa nini mtoto huyu anakonda.

Ghala na askari wake

Chakula kinachobaki baada ya matumizi ya siku, mwili hukiweka akiba kama mafuta, kama vile mama anavyoweka mahindi ghalani. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na gramu moja ya wanga ina 4 tu. Ni akiba nzuri.

Wanaosimamia ghala hili ni protini. Tumezoea kusema protini ni maharagwe na nyama, lakini mwili nao hutengeneza protini zake za kazi. Insulini ni mojawapo, na hutoka katika kongosho, nyuma ya tumbo. Tukishakula, huingia kwenye damu na kutoa amri mbili: sukari iingie mwilini itumike, na mafuta yabaki ghalani.

Ndani ya ghala kuna protini nyingine ambazo hukatakata mafuta ili yatoke. Insulini huziambia, "Ngojeni!" Usiku tukilala njaa, insulini hupungua na mafuta kidogo hutoka. Lakini haiishi kabisa. Askari hulinda hata usiku.

Askari akikosekana

Kwa watoto wengi wenye ugonjwa huu, kinga ya mwili imeharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Sukari inajaa kwenye damu bila kutumika, na ghala liko wazi. Mafuta yanamiminika hadi kwenye ini, nalo linayageuza kuwa asidi ziitwazo ketoni. Zikizidi, zinaua.

Dalili ni hizi:
- kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara;
- kukonda hata kama anakula vizuri;
- kutapika na kuumwa na tumbo;
- kuhema kwa nguvu, na pumzi kunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi.

Ukiona haya, usingoje kesho. Mpeleke hospitali na uombe apimwe sukari, hata kama mnadhani ni malaria.

Zamani watoto hawa walikufa tu. Januari 1922, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa insulini, akaishi miaka 13 zaidi.

Kosa linaloua

Wazazi wengine husema, "Leo hajala, basi asidungwe." Hapana! Asipokula, ghala bado linahitaji askari. Kipimo huenda kikapunguzwa, na hilo ataamua muuguzi au daktari, lakini kuacha kabisa ni hatari.

Wengine huuliza, kwa nini isiwe ya kumeza? Kwa sababu ni protini: tumbo lingeisaga kama maharagwe. Wala hakuna mizizi ya kuchemsha inayochukua nafasi yake. Kuomba tuombe, na sindano tudunge. Mungu hakatazi dawa.

Kikundi kifanye nini?

Wekeni mfuko mdogo wa nauli na dawa, maana mzazi akikosa pesa wiki moja tu, mtoto anaweza kufa. Pale pasipo na friji, chupa ikae ndani ya chungu cha udongo kinacholowanishwa kwa maji, kivulini, na maji yasiingie kwenye dawa. Isipigwe na jua wala isigande barafu.

Maswali ya kujadili

1. Je, kijijini kwetu kuna mtoto anayekonda na kunywa maji mno? Nani atamtembelea wiki hii?
2. Zahanati yetu ina kipimo cha sukari? Kama haina, cha karibu kiko wapi?
3. Mfuko wetu unaweza kumsaidia mzazi kwa siku ngapi?