Mpenzi Wako Anapomeza Dawa za Mfadhaiko

Katika ploti za Embulbul, huku Ngong, ambako kitanda, jiko na viti hukaa chumba kimoja, dawa haifichiki kwa muda mrefu. Wapenzi wakizoea kutembeleana, siku moja mmoja huona kibahasha cha dawa kando ya runinga, kimeandikwa kwa kalamu "1×1 usiku". Anatafuta jina lake kwenye simu: fluoksetini, setralini, amitriptilini. Kumbe ni dawa za mfadhaiko. Maswali humiminika, na linalouma kuliko yote ni hili: huyu ananipenda mwenyewe, au ni dawa inayompendesha?

Ni yeye mwenyewe. Fluoksetini na setralini hugusa serotonini, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupashana habari. Huizuia isirudishwe upesi kwenye seli iliyoitoa. Nafuu haiji siku hiyo wala kesho yake. Huchukua wiki mbili hadi sita, na mara nyingi maudhi hutangulia: kichefuchefu, kichwa kuuma, usingizi kuruka. Hazimlevyi mtu, wala hazimtii kiu ya kuzitafuta kama mlevi anavyotafuta pombe. Kinachorudi polepole ni uwezo wa kulala, kula, kwenda kazini na kucheka. Kicheko ni chake.

Tena usimpachike mtu ugonjwa kwa kusoma pakiti tu. Amitriptilini hutolewa pia kwa maumivu ya neva, kwa hiyo mwenye kisukari ambaye nyayo humwaka moto usiku anaweza kuwa nayo bila kuwahi kuugua mfadhaiko.

Penye shida ya kweli ni kitandani, na hapo ndipo watu huona haya kuuliza. Dawa za kundi la setralini na fluoksetini hupunguza hamu ya tendo la ndoa kwa watu wengi, na huchelewesha kufika kileleni au huzuia kabisa. Ucheleweshaji huo ni wa hakika kiasi kwamba madaktari huzitumia kuwatibu wanaume wanaomwaga mapema. Sasa mfikirie mwanamke ambaye mpenzi wake hamalizi, au mwanamume ambaye mpenzi wake hana hamu wiki ya tatu mfululizo. Hakuna aliyewaambia kuhusu jambo hili. Mmoja anaamua kwamba hapendwi tena au kuna mtu wa pembeni. Mwingine anaona aibu, na bila kumwambia yeyote anaacha dawa.

Nimeliweka jambo hili mbele kwa sababu kuacha kwa siri ndiko kunakoumiza. Setralini ikikatwa ghafla, mtu anaweza kupata kizunguzungu, ndoto kali, hasira za haraka na hisia kama shoti ya umeme kichwani. Fluoksetini hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo huaga taratibu zaidi. Kwa vyovyote, mfadhaiko uliokuwa umelala unaweza kuamka, na mfadhaiko wenyewe pia huua hamu. Ndiyo sababu kwa kawaida madaktari humwomba mtu aendelee na dawa kwa miezi sita au zaidi baada ya kupata nafuu, kisha apunguze dozi hatua kwa hatua.

Basi semeni. Mwambieni daktari au muuguzi wa afya ya akili waziwazi, kwa maneno mnayoyatumia nyumbani. Dozi inaweza kupunguzwa, au dawa ikabadilishwa kwa nyingine isiyosumbua sana upande huo, kama mirtazapini. Msichopaswa kufanya ni kutafuta suluhisho kwenye chemisti ya kona. Tramadoli, ambayo wanaume wengine huinunua kwa siri ili wakawie, ikikutana na setralini inaweza kujaza serotonini kupita kiasi: mtu anatetemeka, anatoka jasho, moyo unakimbia, anachanganyikiwa. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali usiku huohuo.

Siri hizi zina mizizi. Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili jijini Nairobi, ilianzishwa mwaka 1910, na hadi leo jina lake hutumika kama tusi hata huku Ngong. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Aliyekua chini ya sheria kama hiyo ana sababu ya kuficha kibahasha. Kwa hiyo mpenzi wako akikuambia, hiyo ni habari yake. Usiipeleke kwa mama yako, kwa mchungaji wala kwa wazee wanaokaa kuzungumzia mahari. Ataisema mwenyewe akitaka. Na mchungaji akiombea afya yake, heri. Akimwambia atupe vidonge, simama upande wa vidonge.

Mkipanga kupata mtoto, mwoneni daktari kabla, wala msizikate dawa siku kipimo kitakaposoma mimba. Wanawake wengi huendelea nazo wakiwa wajawazito chini ya uangalizi.

Kazi yako si kuhesabu vidonge wala kuuliza "umemeza?" kila mnapogombana, kwa sababu swali hilo hugeuza kila kinyongo chake cha haki kuwa dalili. Lakini yapo unayoweza kuyaona kabla yake, hasa wiki za mwanzo na dozi ikibadilishwa. La kwanza: kwa walio chini ya miaka 25, siku hizo mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Akiyataja, usimwache peke yake, mpeleke hospitali. La pili hujificha zaidi, kwa sababu linafanana na kupona. Analala saa mbili tu na haoni uchovu, anaongea bila kituo, anatumia pesa zisizokuwepo, anapanga biashara tatu kwa usiku mmoja. Mwenye ugonjwa wa hisia za kupanda na kushuka ambao haujagunduliwa anaweza kurushwa juu namna hiyo na dawa ya mfadhaiko. Mwenyewe huhisi hajawahi kuwa mzima kama sasa, kwa hiyo kliniki haendi. Mwombe ruhusa muende pamoja, na mkifika umweleze daktari ni usiku ngapi hajalala, kwa sababu hilo linaweza kubadilisha dawa yote.