Kaburi Lililochimbwa Namirembe

Jumapili ya tarehe 20 Februari 1977, watu walipanda kilima cha Namirembe, Kampala, kwa maelfu. Serikali ya Idi Amin ilikuwa imepiga marufuku ibada ya kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum. Walikuja hivyo hivyo, maana ilikuwa Jumapili, na Jumapili watu huenda kanisani. Nje ya kanisa kuu, kando ya kaburi la Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885, palikuwa na kaburi jipya, limechimbwa tayari na liko wazi. Mwili haukuwapo. Ulikwisha kupelekwa mbali kaskazini, Mucwini, kijijini kwao marehemu.

Ibada ilipokwisha hawakutawanyika. Walilizunguka lile kaburi tupu, wakaimba. Askofu mkuu mstaafu Erica Sabiti aliwakumbusha habari za wale wanawake walioamka alfajiri kwenda kaburini kwa Yesu, wakaambiwa na malaika kwamba wanayemtafuta hayupo pale.

Habari hii nimeirudia mara nyingi, na kila mara swali langu ni lile lile: sauti ya kuimba waliitoa wapi? Walikuwa na miaka sita ya hofu mabegani. Tangu Amin atwae madaraka Januari 1971, watu walikuwa wakitiwa kwenye buti za magari mchana kweupe na wasionekane tena. Sukari, chumvi na sabuni zilipatikana kwa magendo. Kiswahili chetu, inaniuma kuandika hivi, masikioni mwa Waganda wengi kilikuwa lugha ya askari wa vizuizi vya barabarani.

Usiku wa manane wa tarehe 5 Februari 1977, askari walivamia nyumba ya Luwum wakitafuta silaha, bunduki wamemwelekezea. Hawakupata kitu. Siku chache baadaye maaskofu walimwandikia Amin barua ya kulalamikia uvamizi huo na mauaji ya raia. Tarehe 16 waliitwa Kampala, mbele ya umati wa askari, silaha zimepangwa chini kama ushahidi. Wenzake waliruhusiwa kuondoka, Luwum alizuiwa. Kesho yake redio ikatangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa kwa ajali ya gari. Kule Mucwini jeneza lilipofunguliwa, waliolifungua waliona matundu ya risasi.

Imani iliyosimama siku ile ilikuwa imefinyangwa miaka mingi kabla, katika uamsho wa Afrika Mashariki ulioanza Rwanda na Uganda kati ya mwaka 1929 na miaka ya 1930, ukaenea hadi Kenya na Tanganyika. Luwum, mwalimu kijana, aliokoka katika uamsho huo Januari 1948. Moyo wa uamsho huo ulikuwa ushirika: kikundi kidogo, kila wiki, mtu akisema wazi alikoanguka, akiombewa, akiulizwa habari za mke wake na za deni lake la dukani. Huwezi kujificha mbele ya watu wa namna hiyo. Na siku ya msiba huwezi kuachwa peke yako.

Hilo nililiona mwenyewe nikiwa mtoto, Dodoma. Bibi yangu alipofiwa na binti yake, mama zake wa ushirika walifika kabla jua halijachomoza. Hakuna aliyemwambia asilie. Mmoja alishika ufagio akafagia uwanja, wawili wakaenda kuteka maji, mwingine akakoroga uji wa uwele na kumnywesha bibi kwa kijiko kama mgonjwa. Siku ya tatu ndipo wimbo ulipoanza, kwa sauti ya chini sana, na aliyeuanzisha ni bibi.

Ndiyo maana nahuzunika ninapokuta mimbari ambako machozi hayana nafasi, ambako aliyefiwa au aliyeachishwa kazi huulizwa imani yake imepungua wapi. Zaburi zimejaa vilio. Anayemzuia mtu kulia mbele za Mungu amemnyang'anya nusu ya sala.

Mtu aliyeujua uamsho huo na Dodoma pia ni Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyefundisha mjini hapo katika miaka ya 1940 na 1950. Februari 1973, wanaume watatu waliletwa kwenye uwanja wa Kabale kupigwa risasi hadharani, na yeye akaruhusiwa kusema nao. Kwa simulizi yake mwenyewe, aliwaendea akitokea nyuma yao bila kujua awaambie nini. Walipogeuka, nyuso zao zilikuwa zinang'aa. Mmoja alimshukuru kwa kufika, akasema amempokea Kristo akiwa kifungoni na kuomba mkewe apelekewe habari hizo. Wakainua mikono yenye pingu kuwaaga watu. Askofu aliyekwenda kufariji ndiye aliyefarijiwa.

Luwum alipouawa, Kivengere alijua zamu yake imekaribia. Usiku, yeye na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Uhamishoni aligundua kwamba chuki dhidi ya Amin inamkausha ndani. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa kanisani London, alisikia yakisomwa maneno ya Yesu msalabani ya kuwaombea msamaha wanaomsulubisha, akajua hana njia ya kuyapita. Aliandika kitabu kifupi ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Wengi walishtuka, na nawaelewa. Lakini hakunyamazia damu iliyomwagika; aliendelea kuyasema maovu ya utawala ule kila alikokwenda, na kuwatafutia wakimbizi wenzake msaada. Amin alipoanguka mwaka 1979, alirudi Kigezi kwa watu wake.

Siku hizi, tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda. Mahujaji huenda Mucwini, wengine kwa miguu kutoka mbali, vumbi la kiangazi limewafika magotini. Wakifika penye lile kaburi lililofukiwa bila maaskofu wala kwaya, huanza kuimba.