Kabichi ya Septemba Huanzia Kitaluni Aprili

Karibu tarehe 14 Oktoba kila mwaka, adhuhuri, jua hupita wima juu ya Mollo, Sumbawanga. Eneo hili liko digrii 8 hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hulisimamia utosini mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza ni mwishoni mwa Februari, wakati mawingu ya msimu wa mvua yametanda juu ya uwanda wote wa Ufipa na hatulihisi sana. Mara ya pili ni hiyo ya Oktoba, mvua haijaanza, ardhi imekauka, na mawingu ya kuukinga mmea ni haba. Joto kali la Ufipa huja wakati huo, mwisho wa kiangazi. Mkulima anayetaka kuvuna mboga baada ya mahindi au maharage aanze kwa kujiuliza: Oktoba itaikuta mboga yangu ina umri gani?

Wengi huanza na swali jingine: shamba litakuwa wazi lini? Mahindi ya uwanda wa juu hukawia. Yaliyopandwa Novemba au Desemba huvunwa kuanzia Mei hadi Julai. Mkulima humaliza kuvuna, husafisha bustani ya bondeni, ndipo anapoulizia mbegu ya kabichi. Kitalu kinasiwa Julai, miche inahamishwa mwisho wa Agosti, na Oktoba inapofika kabichi ndiyo kwanza inajiandaa kufunga. Kabichi hufunga vizuri kwenye nyuzijoto 15 hadi 20. Zikizidi 25 majani huachana, kichwa huwa chepesi, na mnunuzi akikibonyeza kwa kidole gumba hupita kukitafuta kingine. Mollo mwezi huo joto la mchana hukaribia nyuzi 28. Mbegu ilikuwa nzuri na mbolea ilitosha, lakini tarehe ilikosewa, na tarehe iliyopita haina dawa ya kupulizia.

Ili kuipata tarehe iliyo sahihi, lazima tukubali kwamba mmea hauhesabu siku, unahesabu joto. Kila zao lina kiwango cha chini cha joto ambacho kikifikiwa zao linakaribia kusimama kukua. Kwa kabichi ni kama nyuzi 5, kwa nyanya ni kama nyuzi 10. Joto linalozidi kiwango hicho kila siku ndilo chakula cha ukuaji. Tuseme pakiti imeandikwa siku 85 tangu kupandikiza, na aliyeiandika alifikiria mahali penye wastani wa nyuzi 20. Hapo kabichi hupata nyuzi 15 za kufanyia kazi kila siku. Mollo mwezi Juni na Julai, usiku nyuzi zikishuka hadi kama 10 au chini yake, wastani wa siku nzima ni kama 16, na kabichi hubaki na nyuzi 11 tu. Siku 85 za pakiti zimekuwa kama 116. Ni mwezi mzima umeongezeka, na mwezi huo ndio unaomsukuma mkulima wa Ufipa hadi kwenye jua la Oktoba akiwa anaamini amefuata maelekezo.

Sasa turudi nyuma. Kabichi imalizike kuvunwa Septemba. Ukitoa siku 116, miche iwe imeshika udongo wa bustani mwisho wa Mei. Kitalu nacho hutaka wiki tano au sita kwa hali ya hewa hiyo, kwa hiyo mbegu ipandwe kitaluni katikati ya Aprili, mvua za mwisho zikiwa bado zinanyesha na shamba likiwa na mazao. Hapo ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Kitalu hakihitaji shamba liwe wazi. Tuta la mita chache karibu na nyumba linatosha miche ya robo eka. Maharage ya pili, yale ya Februari na Machi, huvunwa mapema kuliko mahindi, na kwa maoni yangu sehemu hiyo ndiyo inayofaa kupokea kabichi, wala si ile ya mahindi.

Kitunguu kina hesabu tofauti kidogo, na ndicho ninachokipendelea zaidi kwa mkulima wa huku. Kikisiwa Aprili na kupandikizwa mwanzoni mwa Juni, huutumia ubaridi kujenga majani, kisha joto linapopanda Septemba hujaza kichwa. Kiangazi kikali hukikuta kikiwa kimelala majani, tayari kung'olewa na kukaushwa, na hakuna hali bora ya kukausha kitunguu kuliko anga kavu la Ufipa kabla ya Novemba. Tahadhari ni moja: miche isikawie kitaluni hadi ikanenepa. Mche mnene ukipigwa na baridi ya Julai hudhani umeshamaliza maisha yake ya kwanza na hutoa ua badala ya kichwa.

Nyanya ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu mahitaji yake yamegeuka. Kwa wastani wa nyuzi 16 hubaki na nyuzi 6 tu kwa siku za kukulia. Wastani ukifika 21 hupata 11, karibu maradufu. Chavua yake huharibika usiku wa baridi kali, na huharibika tena joto la mchana likizidi nyuzi 32. Kwa hiyo Oktoba ile ile inayoiharibu kabichi ya Mollo ni rafiki wa nyanya ya Mollo. Sia mwanzoni mwa Julai, pandikiza katikati ya Agosti baridi inapovunjika, na maua yatakuja Septemba na Oktoba. Ukichelewa zaidi ya hapo, matunda yatakutana na mvua kubwa za Desemba, na ugonjwa wa bakajani chelewa hupenda sana majani yenye maji kwenye hali ya ubaridi.

Lakini usimpelekee ndugu yako wa Bonde la Rukwa ratiba hiyo. Kule ni chini ya huku kwa karibu mita 1,000, na kila mita 1,000 za kuteremka huongeza nyuzi 6 hivi. Nyuzi 28 za Mollo ni 34 kwake, na maua ya nyanya hupukutika. Yeye aifanye nyanya yake ichanue Juni na Julai.

Wadudu nao wanahesabu joto. Kantangaze, mdudu wa nyanya aliyethibitishwa nchini Tanzania mwaka 2014, huhitaji takriban siku 76 kukamilisha kizazi kimoja kwenye nyuzi 14, lakini siku 24 tu kwenye nyuzi 27. Anayelima nyanya ya Oktoba akague majani kuanzia Septemba mwanzoni, wakati vizazi bado ni vichache.

Mahali pa kupanda pana uzito sawa na tarehe. Hewa baridi ni nzito; usiku huteremka mlimani na kutuama bondeni, pale pale penye maji tunayoyafuata. Kabichi na njegere huvumilia. Nyanya na viazi viwekwe juu kidogo kwenye mteremko. Juni na Julai jua liko upande wa kaskazini, hivyo kitalu cha nyanya kikae kaskazini mwa ukuta, mahali ukuta utakapokipa joto uliloliokota mchana. Na bustani isikae ukingoni mwa mto: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60, na ikivunjwa, vijito ndivyo hukauka kwanza.

Maji ya Oktoba hayana mzaha. Mboga iliyokomaa ikipoteza milimita 5 kwa siku, robo eka inahitaji lita 5,000, yaani ndoo 250 za lita 20, kila siku, wakati kijito kiko chini kabisa. Hakuna familia inayoweza kubeba hayo kwa kichwa. Matandazo ya nyasi kavu hupunguza mzigo huo sana. Wafipa wamekuwa wakifukia nyasi ndani ya matuta ya duara, ntumba, kwa vizazi vingi, na nyasi hizo hizo zikitandazwa juu ya udongo wa bustani kiangazi huuzuia usichomwe. Ninasikitika kila ninapoona nyasi zinachomwa moto Agosti.

Aliyekwisha kuchelewa asipande kabichi kwa kujikaza. Apande mchicha, ambao hupenda joto na huvunwa ndani ya wiki tatu au nne, kwenye eneo dogo ambalo ndoo zake zinalimudu. Halafu afuatilie utabiri wa mvua za msimu wa Novemba hadi Aprili unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Na wewe ambaye maharage yako ya pili bado yako shambani na Aprili haijaisha, usisubiri kuvuna. Andaa tuta moja karibu na nyumba na uisie mbegu ya kabichi wiki hii.